Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo la Mhusika Mpya

Kila mwaka jarida letu hutenga kurasa chache kwa ajili ya uchambuzi wa fasihi. Mwaka huu nafasi hiyo nimepewa mimi, nami nimeamua kuitumia kuchambua kitu ambacho baadhi ya walimu wetu hawakipendi sana, yaani kipindi cha televisheni. Naomba wanivumilie kidogo. Fasihi si kitabu cha kutahiniwa pekee. Popote palipo na wahusika, mgogoro na maudhui, fasihi ipo, hata kama inatokea kwenye kioo sebuleni badala ya kwenye ukurasa.

Kipindi chenyewe kinaitwa Smallville. Ni mfululizo wa Marekani ulioonyeshwa kuanzia mwaka 2001 hadi 2011, misimu 10 mizima, vipindi zaidi ya 200. Mimi sikuwa hata nimezaliwa ulipoanza. Nimeutazama kwa diski za mjomba wangu wakati wa likizo, msimu mmoja baada ya mwingine, mpaka nyanya akauliza kama huyo kijana wa shati jekundu tunalipwa kumtazama.

Swali ninalotaka tulijadili ni hili: hadithi iliyokwisha kwenda miaka mitano ikiwa na shujaa wake, inawezaje kumkaribisha shujaa wa pili bila kuharibika? Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini wahenga hao hao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jibu langu nalitoa mapema ili tusipotezane njiani. Mhusika mpya anafaa iwapo amekuja na swali ambalo mwenyeji amekuwa akilikwepa. Akija na misuli tu, hana kazi.

1. Nyumba kabla ya mgeni kufika

Kwanza tumjue mwenyeji. Clark Kent ni kijana aliyeletwa duniani akiwa mtoto mdogo kutoka sayari ya Krypton, akaanguka pamoja na mvua ya vimondo katika mji mdogo wa Smallville, jimbo la Kansas. Wakulima wawili, Jonathan na Martha Kent, wakamlea. Sote tunajua atakuja kuwa Superman. Lakini watunzi wa mfululizo huu, Alfred Gough na Miles Millar, walijiwekea sharti gumu: kijana asivae vazi la Superman, wala asiruke angani. Sharti hilo lilidumu karibu hadi mwisho kabisa.

Sasa fikiri, msomaji. Shujaa ana nguvu za kuinua trekta, lakini babaye amemfundisha jambo moja tangu utotoni: ficha. Usionekane. Watu wakijua, watakuja kukuchukua. Kwa hivyo Clark anawaokoa watu kwa siri, kisha anatoroka kabla hawajamshukuru. Hatari ikija Smallville, anapambana nayo. Isipokuja, anarudi kulisha ng'ombe.

Mnamo Januari 2006, katika msimu wa 5, Jonathan Kent akafariki kwa ugonjwa wa moyo, usiku ule ule aliposhinda uchaguzi wa useneta wa jimbo. Mama akachukua kiti chake cha siasa. Kijana akabaki na shamba na wosia wa marehemu: ficha. Hapo ndipo pengo lilipoonekana. Ni nani sasa angemwambia Clark kwamba zipo njia nyingine za kuishi? Tazama jinsi watunzi walivyokuwa wajanja. Mgeni hakuletwa nyumba ikiwa imejaa. Aliletwa kiti kimoja kikiwa kitupu.

2. Mgeni mwenyewe ni nani?

Msimu wa 6 ulianza Septemba 2006, na mwezi uliofuata akaingia Oliver Queen, aliyeigizwa na Justin Hartley. Mchana ni tajiri kijana, mwenye kampuni na suti nzuri. Usiku ni Green Arrow, yaani Mshale wa Kijani. Anavaa ngozi ya kijani yenye kofia ya kufunika kichwa, miwani meusi usoni, na ana kifaa cha kubadilisha sauti ili asitambuliwe. Silaha yake ni upinde. Nguvu za ajabu? Hana hata moja. Akipigwa risasi anatoka damu kama mimi na wewe.

Mhusika huyu hakubuniwa na Smallville. Alitokea kwanza katika vitabu vya katuni mnamo Novemba 1941, akiwa kazi ya Mort Weisinger na George Papp. Ukimtazama unamwona Robin Hood wa Uingereza, yule mpiga mshale wa hekaya aliyewanyang'anya matajiri na kuwapa maskini. Sisi tuliosoma habari za Fumo Liyongo hatushangai: upinde umekuwa silaha ya majagina tangu zamani.

Mwaka 1970 mwandishi Denny O'Neil na mchoraji Neal Adams walimfanya mtetezi wa wanyonge. Walimweka safarini pamoja na shujaa mwingine, Green Lantern, ambaye alizoea kutii amri, na kazi ya Green Arrow ikawa kumuuliza mwenzake: hizo amri zinamsaidia nani? Kwa hiyo alipobisha hodi Smallville, alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa ubishi kwa zaidi ya miaka 30. Watunzi hawakumwazima kwa sababu ya mishale yake. Walimwazima kwa sababu ya mdomo wake.

3. Namna alivyoingizwa

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa utunzi tunapaswa kufungua daftari.

Kwanza, tulimwona uso kabla ya kumwona katika vazi lake. Oliver alitokea kama mtu wa kawaida, mwenye biashara na mzaha mwingi, na ni baadaye ndipo Mshale wa Kijani alipoonekana mitaani. Mtazamaji akamzoea binadamu kwanza. Angekuja na upinde moja kwa moja, tungesema ni kichekesho.

Pili, alifungwa kwa kamba kwa wahusika waliokuwapo. Alimchumbia Lois Lane, mwandishi wa magazeti, ambaye wakati huo huo alikuwa akimfuatilia Mshale wa Kijani bila kujua kwamba ni mchumba wake! Tena ikagunduliwa kwamba alisoma shule moja ya bweni na Lex Luthor, na kwamba Oliver na wenzake ndio waliokuwa wakimwonea Lex. Yaani, shujaa wetu mpya alikuwa mnyanyasaji bwenini. Hilo lilinigusa sana. Wale tunaolala mabwenini tunajua maana yake. Mtunzi mzembe angemleta mgeni akiwa malaika. Hapa tunaletewa mtu mwenye deni, na anayemdai ni adui mkubwa wa hadithi nzima.

Tatu, aliingia kwa kutenda jambo lenye utata. Habari za kwanza za Mshale wa Kijani ni za wizi: anawaibia matajiri. Clark anaanza kumsaka kama mhalifu. Mashujaa hawa wawili hawakukutana kwa kupeana mikono. Walikutana mmoja akitaka kumkamata mwenzake. Mgogoro ukazaliwa siku ya kwanza.

4. Methali mbili zinapogombana

Mkisikiliza mazungumzo ya Clark na Oliver mtasikia methali zetu mbili zikivutana. Clark anasema haraka haraka haina baraka. Oliver anajibu ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hoja ya Oliver ni nzito. Wewe una nguvu zote hizi, anamwambia mwenzake kwa maana hiyo, na kazi yako ni kungoja hatari ikufuate shambani? Dunia ni kubwa kuliko Smallville. Naye alionyesha kwa vitendo. Katika kipindi kinachoitwa Justice, kilichoonyeshwa Januari 2007, Oliver aliwakusanya vijana waliokwisha kupita katika hadithi mmoja mmoja: Bart Allen mwenye mbio, Arthur Curry wa baharini, na Victor Stone mwenye mwili wa nusu mashine. Wakaenda pamoja kuvunja kituo cha siri cha Lex Luthor kilichowatesa watu wenye vipawa. Asiye na nguvu za ajabu ndiye aliyewaongoza wenye nguvu! Clark alishiriki, lakini walipomwomba aandamane nao, alibaki nyuma. Bado alikuwa na viporo vyake vya kumaliza.

Hoja ya Clark nayo si nyepesi. Anamuuliza Oliver, ni nani aliyekupa ruhusa? Wewe ndiwe polisi, wewe ndiwe shahidi, wewe ndiwe hakimu. Siku ukikosea, nani atakurekebisha?

Watunzi wazuri hawampi mmoja hoja zote na mwingine aibu yote. Nimetazama vipindi hivi zaidi ya mara moja, na kila mara najikuta nimehamia upande mwingine. Hiyo ndiyo dalili ya mgogoro uliopikwa ukaiva.

5. Mshale ukishatoka

Kiswahili kina neno kwa watu wanaojilindia usalama bila kuwa polisi: sungusungu. Basi Oliver Queen ni sungusungu wa mtu mmoja, tena mwenye pesa. Ni lazima tumpime kwa mizani hiyo hiyo tunayowapimia sungusungu wa mitaani.

Mfululizo wenyewe haukulikwepa jambo hili. Baada ya kupigwa risasi katika msimu wake wa kwanza, Oliver alianza kutumia dawa ya kuponya majeraha upesi, ingawa ilimtia hasira za kikatili. Alijiambia anafanya hivyo ili awasaidie watu zaidi. Clark akamkabili, na Oliver akaacha. Lakini mtazamaji alikuwa amekwisha kuonyeshwa kwamba mtu huyu, akiamini nia yake ni njema, hukubali njia yoyote.

Dalili hiyo ilizaa tunda mwaka 2009. Oliver alilipua gari alimokuwa Lex Luthor. Lex wakati huo alikuwa mgonjwa mahututi, mwili umeharibika, anaishi kwa mashine. Alikuwa mwovu? Naam. Alikuwa ameua? Naam, na angeua tena. Hata hivyo Oliver alimwendea mtu asiyeweza kusimama, bila mashtaka wala hukumu, kisha akalificha jambo hilo. Clark alipogundua, ugomvi wao haukuwa tena wa methali. Ulikuwa wa damu.

Tulipojadili sehemu hii chamani, wengi wetu walimtetea Oliver. Mmoja wa kidato cha pili alisema, "Lakini si alikuwa mwovu kweli? Sasa kuna makosa gani?" Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga, na nitaeleza kwa nini.

Likizo ya Agosti nilikuwa sokoni nilipotumwa vitunguu. Ghafla nikasikia, "Mwizi! Mwizi!" Kijana mmoja, labda wa umri wangu, alikuwa ameshikwa shati. Walisema ameiba simu. Kabla hujahesabu hadi kumi, watu walikuwa na mawe mikononi, hata mzee mmoja ambaye nina hakika hakuwa ameona chochote, kwa maana alikuja akiuliza, "Amefanya nini?" huku tayari ameokota lake. Mama muuza nyanya akaacha meza yake, akamsimamia yule kijana kwa kanga yake, akasema, "Huyu ni mtoto wa mtu. Mpigeni mkinianza mimi." Alikaa hapo mpaka askari wakaja wakamchukua.

Mpaka leo sijui kama yule kijana aliiba au hakuiba. Na hilo ndilo jambo lenyewe: hata wale wenye mawe hawakujua. Katika kipindi cha televisheni mtunzi ametuonyesha uovu wote wa Lex tangu mwaka 2001, kwa hivyo tunajiona tunajua kila kitu, tunapiga makofi. Sokoni hakuna mtunzi wa kutuonyesha. Kuna kelele tu. Nyanya za yule mama zilikanyagwa, na sikuona mtu akizilipa.

Ndiyo maana naheshimu watunzi wa Smallville kwa yale waliyofanya baadaye. Hawakumwacha Oliver atembee kifua mbele. Msimu wa 9 ulipoanza, Septemba 2009, tulimkuta ameacha upinde, amezama katika ulevi, anatafuta watu wa kumpiga. Mshale aliourusha ulikuwa umemrudia mwenyewe. Ilimchukua muda kurejea, na aliporejea alifanya jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko mapigano yote. Mnamo mwaka 2010 alisimama mbele ya waandishi wa habari akajitaja hadharani kuwa yeye ndiye Mshale wa Kijani. Lile swali la Clark, nani atakurekebisha, hatimaye lilipata jibu: mtu anayejulikana jina lake anaweza kuulizwa. Aliyejifunika uso haulizwi.

6. Je, mwenyeji alipona?

Alipona. Clark wa mwaka 2006 ni kijana aliyejificha shambani. Kuna kisa cha kuchekesha katika msimu huo wa 6: Lois alipoanza kushuku kwamba Oliver ndiye Mshale wa Kijani, Clark alivaa vazi la Oliver ili kumpoteza lengo. Kumbe hata vazi la kishujaa mwenyeji alilivaa kwanza kwa kuazima kwa mgeni!

Clark wa mwaka 2008 na kuendelea ni mwingine. Ameajiriwa katika gazeti la Daily Planet mjini Metropolis, na anapita mitaani akiwaokoa watu kila siku, kwa kasi hata wasimwone vizuri. Hangoji tena. Hapo Oliver alishinda. Lakini Clark hakuua, na aliendelea kukataa kuua. Hapo Clark alishinda. Katika kipindi cha mwisho, Mei 2011, alipolichukua vazi lake mwenyewe na kuruka, alikuwa amebeba masomo mawili: la babaye na la mgeni.

Naye mgeni? Mwaka 2008, waigizaji wa Lex na Lana walipoacha kuwa miongoni mwa wahusika wakuu wa kila kipindi, Justin Hartley ndiye aliyepandishwa akawa mmoja wao. Alikaa hadi mwisho. Fahali wawili walikaa zizi moja kwa sababu mmoja alikuwa na nguvu, na mwingine alikuwa na swali.

7. Mafunzo kwa watunzi wetu

Wengi wetu huandika insha na michezo ya kuigiza ambamo, hadithi ikikwama, tunaleta mtu mpya. Mara mjomba tajiri kutoka ng'ambo, mara polisi, mara daktari wa ajabu. Analipa karo, anakamata wezi, hadithi imekwisha. Huyo si mhusika, ni kisu cha kukatia fundo. Kabla ya kumleta mgeni, jiulize haya:

(a) Ni kiti gani kitupu anachokuja kukikalia?
(b) Ana deni gani kwa wahusika waliopo, au wao wana deni gani kwake?
(c) Anaamini nini ambacho mhusika mkuu hakiamini?
(d) Kosa lake ni lipi, na nani atalilipia?
(e) Akiondoka, mwenyeji atakuwa amebadilika wapi?

Ukikosa majibu ya matatu kati ya hayo, mwache mgeni wako stendi. Bado hajafika wakati wake.

Maswali ya mjadala

1. "Haraka haraka haina baraka." "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Eleza kwa mifano ni lini kila methali husema kweli.
2. Taja mhusika mmoja katika kitabu unachosoma darasani anayeingia hadithi ikiwa imekwisha kwenda mbali. Anamletea mhusika mkuu swali gani?
3. Je, ni haki kumwita mtu shujaa ikiwa amejifunika uso? Jadili.
4. Andika mazungumzo mafupi kati ya yule mama muuza nyanya na yule mzee mwenye jiwe, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika. Usimfanye mzee kuwa mjinga. Mpe hoja yake, halafu umwache mama ajibu.